Saa Ishirini na Tano

Hebu iwaze kona moja ya barabara. Pana duka lililofungwa miaka mingi, na ukutani pake limeegemea benchi refu la mbao. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi, umewekewa tofali, kwa hiyo anayekaa upande ule akijigeuza, wote tunayumba na kahawa inatumwagikia magotini. Mbele ya benchi pana jiko la mkaa, birika, na beseni la maji lenye vikombe. Sasa katikati, juu ya gunia, ilaze mashine ya kufyekea majani: bomba refu, injini ndogo upande mmoja, kisu cha duara upande wa pili. Ilaze taratibu, kama mgonjwa. Ni saa tisa na nusu, kivuli kimeanza kuvuka barabara, na watu watano tunaitazama mashine ile kama ndugu waliofika hospitali wakaambiwa daktari ametoka kidogo.

Mwenye mashine tunamwita Fyeka. Ndiye anayekata majani ya uwanja wa mpira, ya zahanati na ya kandokando ya barabara. Kushoto kwake yuko Wakili, fundi viatu, ambaye hajawahi kuingia mahakamani na wala hajawahi kushindwa kesi. Kulia yuko Redio, kinyozi, ambaye habari zikimfikia asubuhi, mchana zimeshazaa. Anayemimina kahawa ni Shangazi. Si shangazi wa yeyote kati yetu, ndiyo maana hutugombeza wote sawasawa. Mimi hukaa upande wa tofali, kwa kuwa nimezoea kukaa bila kujigeuza. Wananiita Mwalimu, na kweli nilikuwa mwalimu. Hata huyo Fyeka nilimpokea darasa la pili, nikamfundisha kusoma saa kwa duara la boksi na mishale miwili ya bati.

Siku hiyo alikuwa haketi. Alikuwa anazunguka gunia.

Fyeka: Miezi miwili! Wazee wangu, miezi miwili tu! Hata mbuzi ukimnunua hafi kwa miezi miwili.

Redio: Inategemea na mbuzi.

Fyeka: Wewe nyamaza. Leo asubuhi naiwasha, inakohoa. Naiongeza moto, inazima. Navuta kamba mpaka bega linalia. Ikiwaka, hiki kichwa cha huku chini, karibu na kisu, kinapata moto utadhani kimetoka kwenye jiko la Shangazi. Na kinapiga kelele, kinapiga kelele kama mtoto aliyenyimwa!

Wakili: Mshitakiwa ni nani?

Fyeka: Shemeji yangu! Si ndiye anayeniuzia petroli? Si ndiye anayenichanganyia na oili kwa mkono wake mwenyewe? Ametia maji. Nimeenda kwake asubuhi hii hii, nikamwambia: mwizi wewe! Wateja sita walikuwa pale, niliwahesabu. Wote wamesikia.

Shangazi alikuwa anamimina. Birika likasimama hewani.

Shangazi: Umemwita kaka wa mkeo mwizi? Mbele za watu?

Fyeka: Nimemwita. Na saa kumi narudi na dumu lake hili hapa. Nataka twende wote mkawe mashahidi. Nalimwaga mlangoni pake, basi, undugu umekwisha. Mama watoto nimeshamwambia: kwa kaka yako hutii mguu tena.

Shangazi: Naye kasemaje?

Fyeka: Hajasema kitu. Kaniwekea chai, kageukia ukuta.

Shangazi: Hm. Na hilo dumu la petroli litoe mbele ya jiko langu! Unataka mashahidi waungue kabla ya kesi?

Fyeka akalisogeza dumu hadi nyuma ya benchi. Lilikuwa dumu dogo la njano, limefungwa kitambaa shingoni, kitambaa safi, kilichofungwa na mtu mwenye uangalifu. Nadhani alikuwa shemeji mwenyewe.

Redio: Mimi nilisema zamani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wakili: Basi na avue shati tuangalie.

Redio: Ni methali, bwana!

Wakili: Nami nakujibu kwa methali. Maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake, hata shemeji akikiri, maji hayatoki tena kwenye petroli. Kesi imekwisha kabla haijaanza.

Shangazi: Damu ni nzito kuliko maji, Fyeka. Hata hayo unayosema katia.

Fyeka: Isiwe nzito kuliko mashine yangu! Na asije mtu akaniambia sikuitunza. Naipangusa kila siku kwa kitambaa kilicholoweshwa. Usiku nailaza chumbani. Mimi mlangoni, mama watoto ukutani, mashine katikati. Mnajua mtu mwingine anayelala na mashine?

Hatukumjua.

Fyeka: Na kitabu chake cha maelekezo ninacho. Hiki hapa. Kiko ndani ya nailoni, hakijapata hata doa.

Nilipokiona kitabu kile nilipeleka kikombe mdomoni na kunywa kahawa ambayo haikuwamo.

Wakili: Kisome, kiingie kwenye ushahidi.

Fyeka akakitoa kwenye nailoni, akasimama wima, akasoma kwa sauti ileile niliyomfundisha, kila neno na nafasi yake.

Fyeka: "Safisha chujio la hewa kila baada ya saa kumi." Haya. Mimi kazi naacha saa ngapi? Saa tisa! Saa kumi nimeshaoga, niko na kijiko mkononi. Ni nani huyo anayeacha chakula aende kusafisha chujio? Hata hivyo nilijaribu. Siku moja nikakaa nayo uwanjani mpaka saa kumi kamili, nione kinachotokea. Naitazama, inanitazama. Hakikutokea kitu!

Redio: Wamekupotezea muda.

Fyeka: Subiri, hujasikia. "Tia grisi kwenye kichwa cha gia kila baada ya saa ishirini na tano."

Wakili akaomba kitabu, akakisogeza mbali na macho, akakileta karibu.

Wakili: Saa ishirini na tano?

Fyeka: Ishirini na tano! Nionyesheni saa ishirini na tano ilipo. Kwenye simu yangu haipo. Kwenye saa ya zahanati haipo. Shemeji alinipa kopo zima la grisi siku niliyoinunua, akasema utaihitaji. Nikangoja hiyo saa ifike, haikufika. Grisi nikapaka bawaba za mlango. Sasa hivi mlango wangu ukifunguka husikii kitu.

Redio: Angalau umepata mlango.

Fyeka: Na bado! "Badilisha plagi baada ya saa mia moja." Mia moja, wazee! Hii si dharau? Wanakaa huko kwao wanasema, hawa hawajui saa, tuwaandikie lolote!

Alikuwa ameghadhibika kweli, na ghadhabu, kama homa, huambukiza. Redio akashika kidevu.

Redio: Hii ni njama. Wanaandika saa zisizokuwepo ili ushindwe kuitunza, ife, ununue nyingine. Mteja mmoja aliniambia, nikiwa namnyoa kisogo, kwamba ziko balbu za namna hiyo. Zimefundishwa siku ya kufa.

Wakili: Balbu hazina shemeji. Mimi naona jambo zito zaidi. Siku ina saa ishirini na nne, sivyo? Hawa wanazo mia moja. Mia toa ishirini na nne, sabini na sita. Nauliza mbele ya baraza hili: saa zetu sabini na sita ziko wapi? Nani anazitumia?

Fyeka: Ehee!

Wakili: Ndiyo maana wenzetu wamemaliza kujenga. Wana muda! Sisi tunaambiwa siku imekwisha, kumbe imekatwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tuzidai.

Shangazi: Hiyo methali inaingiaje hapo?

Wakili: Imeingia, Shangazi, wewe mimina.

Redio: Tulieni, nimeshaelewa. Nimeelewa kila kitu. Hii mashine imetoka mbali, ndiyo? Kwetu kukiwa mchana, kwao ni usiku. Sasa unamwamsha mtu saa nane za usiku, umtie petroli, umwambie fyeka! Wewe ungekubali? Si ungekohoa? Si ungepata moto kichwani? Haina ugonjwa, ina usingizi!

Fyeka: Mbona miezi miwili ilikuwa inakubali?

Redio: Ilikuwa mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu imefika, imechoka na heshima.

Ningeweza kusema jambo. Nilikuwa nalo mdomoni tangu kitabu kilipotoka kwenye nailoni. Lakini mtu aliyesimama mbele ya darasa miaka thelathini hazoei upesi kunyoosha mkono. Nikanyamaza, na Fyeka akaliendea dumu.

Fyeka: Mimi sijali waliotengeneza, hao wako mbali, mkono wangu haufiki. Shemeji yuko karibu. Inakaribia saa kumi, nyanyukeni twende.

Hapo ndipo trekta lilipozima barabarani, na dereva wake akashuka. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli, mabuti yana udongo mpaka vifundoni. Hatukuwahi kumwona.

Dereva: Shikamooni wazee.

Sisi: Marahaba.

Dereva: Shangazi, nisaidie kikombe kimoja. Msiba?

Shangazi: Unakuja. Chukua kiti, mwanangu, usikie mwenyewe.

Akaelezwa. Wakili alieleza mashtaka, Redio akaeleza usingizi, Fyeka akaeleza maji. Yule mama alisikiliza huku anapuliza kahawa, na sifa yake ni kwamba hakucheka, hata tulipofika kwenye saa sabini na sita.

Dereva: Nani kasema damu nzito kuliko maji?

Shangazi: Mimi.

Dereva: Umesema kweli. Na maji nayo ni mazito kuliko petroli. Nani ana chupa nyeupe?

Shangazi akatoa chupa tupu chini ya benchi. Yule mama akaikung'uta mpaka ikakauka, akaenda nayo mbali na jiko, ng'ambo ya mtaro, akamimina petroli ya dumu hadi nusu, akaiweka chini na kutuambia tusiiguse. Tukasimama tukiizunguka. Nimesimamia mitihani mingi, lakini sijapata kuona watu wazima wamenyamaza vile mbele ya chupa.

Dereva: Kama kuna maji, yatakaa chini peke yake, utaona mstari. Mnaona mstari?

Redio aliinama mpaka pua ikagusa nyasi. Wakili akainama upande wa pili. Petroli ilikuwa rangi moja tu, yenye oili yake, toka chini hadi juu.

Wakili: Shahidi huyu hana mstari.

Fyeka aliifunga chupa, akaifungua, akaifunga tena.

Fyeka: Sasa kama si maji, ni nini?

Dereva: Bado sijui. Lete bisibisi. Kwanza toa hiki kifuniko cha plagi, mtu asije akakatwa vidole na mashine tuliyodhani imelala.

Tuliporudi kwenye benchi, alifungua kisanduku kidogo ubavuni mwa injini. Ndani mlikuwa na sponji. Ninaita sponji kwa kuwa aliiita hivyo. Mimi nilidhani ni kipande cha udongo. Akaigonga kwenye ubao wa benchi. Vumbi na unga wa majani makavu vikatoka, vikatoka, vikaendelea kutoka. Shangazi akafunika vikombe.

Dereva: Chujio la hewa ndilo hili. Mashine inavuta pumzi hapa. Wewe ukizibwa pua kwa blanketi halafu uambiwe kimbia, hutakohoa?

Kisha akafungua skrubu pale kwenye kichwa cha chini, akatia njiti ya kiberiti ambayo haikuwashwa, akaitoa. Ilitoka kavu kama ilivyoingia.

Dereva: Hapa ndipo grisi inapokaa. Hamna hata harufu. Chuma kinasaga chuma, ndiyo kelele unayoisikia. Nipe hicho kitabu.

Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Halafu akainua uso na kuuliza swali dogo kabisa.

Dereva: Tangu uinunue, mashine hii imefanya kazi saa ngapi?

Fyeka: Saa moja asubuhi mpaka saa tisa.

Dereva: Hapana. Saa ngapi?

Fyeka: Si nimekwambia? Saa moja mpaka saa tisa. Siku nyingine nachelewa, saa mbili.

Dereva: Siulizi imefika saa ngapi. Nauliza imetumia saa ngapi. Zote. Ukizijumlisha tangu siku ya kwanza.

Fyeka akamtazama Redio. Redio akamtazama Wakili. Wakili akatazama juu, kama mtu anayetafuta kifungu cha sheria mawinguni. Hata birika liliacha kuchemka, au ndivyo nilivyosikia.

Dereva: Trekta langu lina kisaa kinachohesabu. Hakisemi asubuhi wala jioni. Kila injini ikinguruma, kinasogea, injini ikizimwa, kinalala. Kikifika mia mbili na hamsini, namwaga oili. Kitabu chako kinasema hivyohivyo. Ukishaifanyisha kazi kwa muda wa saa kumi, safisha chujio. Muda wa saa ishirini na tano, ongeza grisi. Siku tatu, nne za kazi, saa ishirini na tano zimeshapita.

Redio: Kwa hiyo haina usingizi?

Dereva: Haina, kaka. Ila nawe si mbaya, angalau ulikumbuka kuwa inachoka.

Kisha akausogeza ukurasa ule kwenye mwanga.

Dereva: Lakini hapa naona kitu. Ishirini na tano imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni imeandikwa, kwa mwandiko mzuri sana, "Hakuna saa kama hii. Kosa la chapa." Nani kasahihisha?

Wote wakanigeukia, na nikajigeuza, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kukaa pale, upande wa tofali ndio uliotuyumbisha.

Mimi: Ni mimi.

Ni kweli. Siku aliyoinunua aliniletea kitabu nyumbani, akaniuliza, Mwalimu, hii saa ipo? Nami nilikuwa na kalamu yangu nyekundu mezani, na mkono una tabia zake. Sikuuliza wanamaanisha nini. Niliona kosa, nikalikata, nikafurahi kidogo kuwapata watu wa kiwandani.

Fyeka: Mwalimu. Wewe uliniambia ni kosa la chapa.

Mimi: Nilikuambia.

Hasira yote ya Fyeka ya tangu asubuhi ilisimama pale mbele yangu, kama mtu aliyekwenda kugonga mlango apige mtu, akafunguliwa na bibi yake mzaa mama.

Mimi: Nimekosa, mwanangu. Na nimekaa hapa kimya nikikusikia unamhukumu mwenzio. Hilo ni kosa la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza.

Fyeka aliketi, mara ya kwanza siku ile.

Fyeka: Wateja sita. Nilimwita mwizi mbele ya wateja sita. Naye akaniambia tu, shemeji, umechoka, kaa kwanza unywe maji. Nikasema maji yako yako kwenye petroli.

Shangazi akaliinua birika, akaligeuza juu ya beseni. Tone moja.

Shangazi: Kahawa imekwisha. Hamna tena cha kungojea hapa.

Dereva akashukuru, akatuonyesha namna ya kuosha sponji kwa maji ya sabuni, kuikamua na kuikausha kabla ya kuirudisha, akapanda trekta lake, akaenda. Hata jina la utani hatukupata kumpa. Fyeka akalifunga dumu kwa kile kitambaa safi.

Wakili: Ndiyo twende mashahidi?

Fyeka: Ninyi kaeni. Nataka shahidi mmoja.

Akanipa mkono, nikanyanyuka.

Shangazi: Na mkifika, msianze na kuomba grisi!

Tulipofika kwa shemeji kulikuwa na wateja wawili tu. Shemeji aliona dumu kwanza, akakaza uso. Nikamgusa Fyeka begani, kwamba haya, sema. Akatikisa kichwa.

Fyeka: Bado. Nilimtukana mbele ya watu sita, Mwalimu. Siwezi kumwomba radhi mbele ya wawili.

Basi tukasimama juani, kando ya mapipa, mimi na mwanafunzi wangu. Akaja mwenye pikipiki, wa tatu. Akaja mama mwenye chupa ya mafuta ya taa, wa nne. Wale wa kwanza, kwa kuona tumesimama tu, wakabaki kutazama. Shemeji alitutupia jicho mara mbili, kisha akatuletea maji kwenye kikombe. Alipofika wa sita, Fyeka akavua kofia, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani: shemeji, wewe si mwizi, mwizi ni mdomo wangu. Nami nikasema sehemu yangu, ya kalamu. Shemeji akasikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, akatoka na kopo jipya la grisi, akalitia mkononi mwa Fyeka.

Shemeji: Hii si ya mlango.

Kumbe alijua. Dada yake alikuwa amemwambia.

Kule kusimama kulituchukua saa nzima, na sikutazama saa hata mara moja. Niliihisi magotini. Darasani nilifundisha watoto wengi kutaja saa inapofika, na sikuwahi kuwafundisha kuhesabu zile zinazotumika. Kwa hiyo nakuomba, kwa upole tu, ukumbuke jambo hili moja: kabla hujamwita mtu mwizi, au hujakata neno la mtu kwa wino mwekundu, uliza kwanza anasema saa ipi.